Taa za Fuso na macho ya wenzako

SWALI: Naendesha Fuso ya ndizi, Muleba hadi Bukoba, na natoka kabla hakujapambazuka. Taa ni hafifu, hasa mvua ikinyesha. Nikifunga balbu za LED nitawaumiza macho wanaokuja?

JIBU: Utawaumiza, ndugu yangu. Hela hiyo iache mfukoni kwanza, maana mara nyingi ugonjwa ni waya. Fundi umeme apime volti kwenye soketi ya balbu, injini ikiwa inaunguruma. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga. Rilei, fyuzi, waya mnene kutoka kwenye betri na ethi safi vitakurudishia mwanga ambao ulikwisha kuulipia. Kioo kilichopauka king'arishwe.

Rifleta ya halojeni iliundwa kufuata uzi mdogo wa balbu uliokaa mahali pake hasa. Ukiweka LED, mwanga hutawanyika hadi juu, na bodaboda anayetokea Kemondo haoni kitu. Ukiitaka LED, badilisha taa nzima: ya volti 24, iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Ile ya mtumba kutoka Ujerumani huinua mwanga upande wa kulia, yaani usoni mwa anayekuja.

Taa zirekebishwe gari likiwa na mzigo, kwa kuwa ndizi zikilemea nyuma, pua huinuka. Simama mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare. Ukingo wa juu wa mwanga wa taa za chini uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kimo cha taa zenyewe.