Programu Zinapotegemeana kwa Mzunguko

Mtumiaji anayenunua kompyuta iliyotumika Mbeya au Iringa anaweza kuikuta ina Ubuntu au Debian, mifumo ya familia ya Linux. Katika mifumo hiyo, programu husambazwa kwa vifurushi. Kifurushi hapa si bando la intaneti, bali ni faili lenye programu pamoja na orodha ya vifurushi vingine inavyovihitaji.

Utegemezi wa mzunguko ni nini?

Ni hali ambapo kifurushi cha kwanza hukihitaji cha pili, na cha pili hukihitaji cha kwanza. Hali hii si virusi wala ubovu wa kompyuta. Katika Debian, vifurushi vya msingi libc6 na libgcc-s1 hutegemeana hivyo, na mfumo hufanya kazi vizuri. Tatizo huanza pale mtumiaji, kwa kubana data, anaposakinisha faili moja pekee: hufunguliwa, lakini haliwi tayari kwa matumizi kwa kuwa mwenzake hayupo.

Hatua za kufuata

1. Nakili kwanza nyaraka zako kwenye flashi.
2. Ukiwa na intaneti, andika sudo apt update, kisha sudo apt install na jina la programu. Amri hii hukusanya vyote vinavyohitajika kwa pamoja.
3. Kama nyumbani hakuna intaneti, pakua mafaili yote penye mtandao, kutoka hazina rasmi ya toleo lako. Yaweke katika folda moja, uifungue kwenye dirisha la amri, na uandike sudo dpkg -i *.deb. Yote hufunguliwa kwanza, ndipo huandaliwa. Hapo mzunguko hukatika.
4. Usakinishaji ukikwama, unganisha intaneti na uandike sudo apt --fix-broken install. Soma orodha kabla ya kukubali. Ikitaka kuondoa programu unayoihitaji, kataa.

Epuka --force-depends. Hugeuza kosa kuwa onyo tu, na kilichokosekana hubaki kukosekana.

Haki yako

Fundi akidai kwamba dawa ya tatizo hili ni kufuta kompyuta nzima, mwombe akuonyeshe ujumbe wa kosa na ajaribu kwanza hatua hizi. Patana bei mapema na udai risiti. Ubuntu na Debian hutolewa bure: unalipia kazi, si leseni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.