Swali na Jibu: Mbona jumla ya mauzo haitoki sawa?

*Mtaalamu, ninajifunza Python. Nimemwandikia mama programu ya kujumlisha mauzo ya kibanda chake cha nguo katika soko la Makina. Nikiweka 300 na 200, inaniletea 300200, na haionyeshi kosa lolote. Nimeisoma mstari kwa mstari bila mafanikio. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Kibera*

Usivunjike moyo. Programu yako inafika mwisho ila jibu ni baya, na makosa ya namna hii mara nyingi hayaonekani kwa kusoma tu. Isimamishe katikati ya kazi uone imeshika nini. Hiyo ndiyo kazi ya dibaga, na Python huja na yake, pdb. Huhitaji bando la kuipakua.

Tangu Python 3.7 ya mwaka 2018, unaandika tu `breakpoint()` juu ya mstari wa kujumlisha. Endesha programu; itasimama hapo. Andika `p bei1` (badala ya `bei1` weka jina ulilotumia kuhifadhi bei) uone thamani iliyomo. `n` inakupeleka mstari unaofuata, `c` inaendelea, `q` inatoka.

Utaona `'300'` ndani ya alama za kunukuu. Hayo ni maandishi, si namba: `input()` hurudisha maandishi daima, na `+` huyaunganisha. Tumia `int(input())`. Usiweke koma, `1,500` itakataliwa. Ukimaliza, futa `breakpoint()`.

Ukikwama tena, muone mwalimu au mwenzako aliyekutangulia. Mpe mistari michache inayoonyesha kosa, ulichoingiza, ulichotarajia na ulichopata. Kama zimo namba za simu za wateja, ziondoe kwanza.