Madoa ya Manjano kwenye Majani: Chunguza Kwanza, Usikimbilie Dawa

Katika Mji wa Kale na mitaa mingine ya kisiwa cha Mombasa, wakaazi wasio na shamba hupanda mrehani, asumini, pilipili na mndimu kwenye ndoo, makopo na vyungu. Mimea hiyo huwekwa ukumbini, roshani au kando ya dirisha. Si pambo tu: pilipili na ndimu huliwa, na mrehani na asumini hutiwa kwenye kikuba kinachovaliwa mwilini.

Majani yakianza kutoka madoa ya manjano, wengi hununua dawa ya kuua wadudu na kuipuliza papo hapo. Kuna hatari mbili. Dawa ikipulizwa ndani ya chumba, watoto na wazee huivuta, na hubaki kwenye majani yatakayotumiwa. Tena, ikiwa chanzo ni maji au udongo, dawa haitasaidia kitu.

Kabla ya kununua chochote, fanya uchunguzi huu wa dakika chache:

1. Tazama ni majani yapi yameathirika: ya zamani yaliyo chini, au machanga yaliyo juu.
2. Geuza jani utazame upande wa chini. Kisha shika karatasi nyeupe chini yake na uligonge kwa kidole.
3. Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, ujue kama umekauka au umelowa.
4. Kagua ukingo wa chungu na uso wa udongo, kama kuna utando mweupe mgumu.

Vitone vidogo kama ncha ya sindano

Jani likijaa vitone vya manjano, na vijidudu vidogo mno vikitembea kwenye karatasi, huo ni utitiri. Huzaana haraka wakati wa joto na hewa kavu, hasa karibu na pangaboi. Osha majani kwa maji, upande wa chini zaidi. Wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye jani moja na usubiri siku moja. Lisipoungua, nyunyizia mmea wote jioni. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Suuza majani vizuri kabla ya kuyatumia.

Doa la kahawia lenye duara la manjano

Hii ni dalili ya ukungu au bakteria, ambao hupenda majani yanayokaa na maji, hasa msimu wa mvua wa Aprili na Mei. Kata majani yenye madoa uyatupe, na uoshe mkasi kwa sabuni. Tenganisha vyungu ili hewa ipite. Mwagilia udongo asubuhi, usimwagie majani.

Majani ya chini manjano, udongo umelowa

Mmea umezidishiwa maji. Kwenye nyumba za vichochoro vyembamba jua huingia kidogo, kwa hivyo udongo hukauka polepole. Hakikisha chungu kina matundu chini, na usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke. Udongo ukinuka vibaya, toa mmea, kata mizizi iliyooza na uupande kwenye udongo mpya.

Ncha na kingo zimeungua, chungu kina utando mweupe

Hii ni chumvi, na ni jambo la kuangaliwa sana kisiwani. Maji ya mfereji hutoka bara, kama vile chemchemi za Mzima na visima vya Baricho. Lakini mfereji unapokauka, watu hutumia maji ya visima vya mitaani, ambavyo vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe uliozungukwa na bahari, na mara nyingi vina chumvi. Chumvi hujikusanya chunguni kila unapomwagilia. Tibu kwa kumwaga maji ya mvua au ya mfereji kwa wingi, mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mimea, na ufunike chombo ili mbu wasizaane.

Majani machanga manjano, mishipa kijani

Mmea unakosa chuma. Udongo uliochanganyika na vifusi vya matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huzuia mizizi kupata chuma. Hamishia mmea kwenye udongo mwingine wenye mboji.

Mabaka ya manjano na kijani, jani limejikunja

Kwenye pilipili, hii huweza kuwa virusi vinavyoenezwa na nzi weupe au vidukari. Havina dawa. Ng'oa mmea, uufunge kwenye mfuko na uutupe, ili kuokoa iliyobaki.

Ukishindwa kutambua chanzo, peleka jani lililoathirika, likiwa ndani ya karatasi, kwa afisa wa kilimo. Ukishauriwa kutumia dawa, nunua yenye nambari ya usajili ya PCPB kwenye lebo, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mmea huo. Toa chungu nje kabla ya kupuliza, na heshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa isiyo na lebo.