Subira si Kumnyima Mgonjwa Dawa



Nimeombwa niandike somo kuhusu uuguzi, kwa kuwa niko mwaka wa tatu wa fani hiyo na wengi wenu mko sheria, biashara na ualimu. Nilianza kuandika sifa za muuguzi Mwislamu, ya kwanza mpaka ya kumi, kama tulivyozoea kwenye mihadhara. Nikaichana karatasi. Nitaeleza kitanda kimoja, na niliyojifunza pale, maana kila mmoja wetu ipo siku atakaa pembeni ya kitanda kama kile, awe na cheti cha uuguzi au asiwe nacho.

Tuanze na neno lenyewe. Anayeumwa anaugua, anayemtunza anamuuguza, na hapo ndipo tunampata muuguzi. Lugha haikuuliza kama umevaa sare. Na katika hospitali zetu za serikali hapa Uganda ndivyo mambo yalivyo: anayemwogesha mgonjwa, anayempikia uji, anayemwaga mkojo, anayetumwa dukani kununua glovu na kulala juu ya mkeka chini ya kitanda, ni ndugu yake. Waganda humwita mujjanjabi. Sista mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na wodi nzima peke yake. Kwa hiyo ukimhudumia mgonjwa ukamsahau anayemuuguza, umefanya nusu ya kazi.

Mgonjwa wangu alikuwa mzee aliyesomesha madrasa miaka mingi, na wodi nzima ilimwita Maalim. (Mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.) Alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Wanaojua maradhi haya wanajua maumivu yake: kumgeuza tu ubavu ni mtihani. Binti yake alikuwa naye wiki ya tatu. Daktari alikwisha kumwandikia mofini ya maji, ile ya chupa, naye alikataa kuimeza.

Alikuwa na sababu mbili. Kwanza, alisema hiyo ni dawa ya kulevya. Pili, maumivu yanafuta madhambi, na aliogopa kuondoka duniani akiwa usingizini, ulimi haujatamka shahada.

Mimi nikafurahi kumpata mzee wa dini wodini. Nikakaa kitini nikamzungumzia subira ya Nabii Ayyub (a.s.), na kwamba Muislamu hapatwi na taabu, hata mwiba ukimchoma, ila husamehewa kwayo. Maneno yote hayo ni ya kweli. Maalim akatikisa kichwa, akafumba macho. Binti yake akainuka akatoka nje. Nikamkuta bombani akisugua kikombe ambacho kilikuwa safi.

Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe saa mbili unaondoka. Mimi ndiye nabaki naye usiku."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa baba yake sababu nyingine ya kuumia, na yeye nikamwachia kusikiliza kilio mpaka alfajiri. Subira niliyoihubiri haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mwingine, na mimi nilikuwa naigawa bure.

Nilimweleza sista mkuu wa wodi, mama wa Kikristo wa umri wa mama yangu. Nilidhani atanigombeza. Alichukua kiti akakaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mzee, akamwuliza, "Maalim, siku hizi unaswali vipi?" Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba siku kadhaa sasa hajaikamilisha swala hata moja. Kabla hajamaliza Alhamdu maumivu humkata, na anapopata nafuu hajui amefika wapi.

Hapo ndipo penye somo langu lote. Tulikuwa tunabishana kuhusu dawa itakayomwondolea akili, kumbe maumivu yalikuwa yamekwisha kuichukua. Na aliyeliona hilo ni mtu asiyeswali swala yetu, kwa sababu aliuliza badala ya kuwaidha.

Sista hakujitia mufti. Alimwambia, "Tujaribu kidogo, siku mbili. Ikikuchukua akili, sema tuache. Mwenye kuamua ni wewe." Kisha akamwomba binti amwite mtu wa dini ambaye baba yake anamwamini. Alikuja sheikh aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Hakukaa hata nusu saa. Alimkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha tujitibu, kwamba kinachonywewa kwa starehe hakifanani na dawa iliyopimwa na tabibu kwa dharura, na kwamba thawabu za mgonjwa hazifutwi kwa kumeza dawa. Maalim akasema, "Haya, leteni."

Sasa nieleze dawa yenyewe, kwani hata wasomi wanaiogopa. Mofini ya maji ni unga unaoyeyushwa kwenye maji na kupimwa kwa sindano isiyo na ncha au kwa kifuniko. Mgonjwa huanzishwa kiwango kidogo, kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Ukingoja yarudi unaanza kupanda mlima upya. Kiwango cha wakati wa kulala huongezwa mara mbili ili yeye na anayemuuguza wapate usingizi. Siku za kwanza husinzia, na sehemu ya usingizi huo ni deni la siku alizokesha. Kwa wengi hupungua baada ya siku chache. Kinachobaki ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha hutolewa tangu siku ya kwanza. Palipokosekana dawa hiyo, hapa kwetu hutumiwa mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Na ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa mwenye maumivu ya saratani, haimgeuzi mlevi, wala haiharakishi kifo.

Nchi hii ina historia katika jambo hili, nasi tunaosoma hapa tunapita karibu nayo bila kujua. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala, na hiyo mofini ya maji ya bei nafuu ikawa nguzo ya kazi yake. Tatizo lilikuwa kwamba vijijini hakuna madaktari wa kuiandika. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa hazijalithubutu. Kwa hiyo leo mgonjwa anaweza kuteseka na dawa iko kabatini hatua 10 kutoka kitandani kwake, na kinachomzuia ni hofu tu: yake, ya jamaa, au ya muuguzi mwanafunzi anayependa kuwaidha.

Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) tunamtaja kila mwaka kwenye semina za akina dada, kisha tunaishia kwenye jina. Tazama alichofanya. Alikuwa na hema msikitini Madina, akiwatibu majeruhi na kujitolea kwa wale wasiokuwa na mtu wa kuwauguza. Sa'd bin Muadh (r.a.) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza awekwe kwenye hema ndani ya msikiti ili iwe karibu kumtembelea. Majeruhi yule hakufichwa pembeni ya mji. Aliletwa pale ambapo watu wanaswali.

Sisi tunafanyaje? Niseme ukweli, na viongozi wa jumuiya mnisamehe. Ziara zetu za hospitali siku ya Jumapili zinanitia haya tangu nianze kufanya kazi wodini. Tunaingia watu 15, tunakizunguka kitanda, mmoja anaomba dua kwa sauti ya mimbari, mwingine anapiga picha, tunaacha juisi kwa mgonjwa ambaye pengine hawezi kumeza, tunatoka. Anayemuuguza tunampita kama nguzo ya ukuta. Nendeni wawili wawili. Kaeni, msisimame juu ya mtu aliyelala. Msimwulize daktari amesema nini. Akitaka kusema atasema. Kisha mgeukieni yule aliye kwenye mkeka, mwulizeni amekula saa ngapi, na mwambieni, "Dada, nenda ukaoge na ukaswali, mimi nipo hapa saa mbili nzima." Mkiona kuna familia inayokaa mbali na mgonjwa wao, msiwahukumu haraka. Nilimwona mama mwenye kidonda cha saratani ya titi ambaye watoto wake walikuwa wanakaa dirishani. Hawakuwa wabaya, ilikuwa harufu. Sista alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakinyunyizia vidonge vya metronidazo vilivyopondwa, na baada ya siku chache watoto walikuwa kitandani na mama yao.

Maalim siku ya kwanza alilala karibu mchana kutwa, na binti yake aliingiwa na hofu; mimi pia. Siku ya tatu alfajiri aliomba jiwe la kutayamamu. Akaswali amelala, kwa ishara ya kichwa, mpaka salamu. Halafu akaniita akanisahihishia kisomo changu cha Suratul-Mulk, nikajua akili iko mahali pake.

Baada ya wiki mbili alirudi nyumbani na chupa yake. Kabla hawajaondoka binti aliniuliza kuhusu kumlakinia baba yake saa itakapofika. Nilimwambia yale yaliyomo kwenye vitabu vyetu vya fiqhi: tamka mbele yake kwa upole, asikie, usimshurutishe, akitamka, usirudie mpaka aseme neno jingine.

Alinipigia simu mwezi uliofuata. Usiku alimtamkia mara moja, naye akaitikia kwa sauti inayosikika, wakanyamaza. Alfajiri alikwenda kuchemsha maji ya uji, aliporudi baba alikuwa amekwisha kwenda. Tukasema innaa lillaahi. Alilia kidogo, akaniuliza afanye nini na dawa iliyobaki kwenye chupa. Nikamwambia asiimwage wala asimpe jirani, airudishe wodini, nami nitakuwa zamu ya mchana siku ya Alhamisi.