Carl Rogers: Ushauri Unaoanza kwa Kusikiliza

Wakiulizwa maana ya ushauri nasaha, watahiniwa wengi huandika kwamba ni kumwambia mwenye shida la kufanya. Carl Rogers angelikataa jibu hilo. Ukielewa kwa nini, umeshika kiini cha mada hii.

Rogers alizaliwa tarehe 8 Januari 1902 huko Oak Park, karibu na Chicago, Marekani. Alianza kusomea kilimo, akahamia historia, kisha theolojia, na mwisho saikolojia, ambayo alihitimu shahada ya uzamivu mwaka 1931. (Usijichoshe kukariri vyuo vyake; shika mawazo yake.)

Mawazo hayo yalikomaa mjini Rochester, alikohudumia watoto wenye matatizo kwa miaka 12. Mwenyewe alisimulia habari za mama mmoja aliyekuwa na mtoto mtukutu. Rogers aliamini chanzo ni mama kumkataa mwanawe tangu utotoni, akajitahidi kumwonyesha hivyo, lakini wapi! Wakakubaliana kuacha. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama watu wazima nao hupokelewa. Akarudi kuketi, akamimina uchungu wa ndoa yake. Safari hii Rogers alisikiliza tu, na tiba ya kweli ikaanzia hapo.

Tangu hapo alishikilia kwamba mwenye shida ndiye anayejua inapouma na njia ipi aifuate. Ndiyo maana alimwita mteja, si mgonjwa. Wakati huo wataalamu wengi walimtazama binadamu kama mtu anayesukumwa na tamaa zilizojificha, au na thawabu na adhabu. Rogers, pamoja na Abraham Maslow, walisisitiza uwezo wa kila mtu kukua. Mkondo huo huitwa saikolojia ya utu.

Mshauri anatakiwa awe mkweli, aingie katika hisia za mteja, na amkubali bila masharti. Hili la mwisho huwachanganya wengi. Kumkubali mtu si kusifu kosa lake. Mwanafunzi akikiri kwamba aliiba, mshauri hasemi wizi ni mwema. Anachokataa ni kumdharau mwanafunzi huyo.

Rogers alirekodi mazungumzo ya ushauri, na katika kitabu chake cha mwaka 1942 akachapisha tiba ya mteja mmoja neno kwa neno, jambo lililofungua kazi hiyo kwa uchunguzi wa kisayansi. Baadaye alipeleka mawazo yake darasani, akitaka mwalimu awe mwezeshaji. Alifariki tarehe 4 Februari 1987.

Wako wanaompinga, na hoja yao ina uzito: mtu aliye katika hatari ya kujidhuru huhitaji hatua za haraka, si kusikilizwa peke yake. Jibu zuri hutaja pande zote mbili.

Swali: Rafiki yako amefeli mtihani wa majaribio na anataka kuacha shule. Ukifuata mawazo ya Rogers, eleza utakavyozungumza naye, na utaje jambo moja ambalo hutalisema. (Alama 10)