Ukipewa majibu ya kinyama cha utumbo mpana

Majibu ya kinyama yakitoka yakasema ni saratani ya utumbo mpana, familia nyingi hukimbilia kuuliza tarehe ya upasuaji. Uliza kwanza kama protini nne zimepimwa: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Kazi yake ni kurekebisha makosa ya DNA seli inapojigawa. Zikitoweka, makosa hulimbikizana na uvimbe mdogo hugeuka saratani upesi. Saratani kama 15 katika kila 100 za utumbo mpana zina kasoro hii.

Kwa kipimo hicho mgonjwa hakatwi tena. Maabara huchukua kipande chembamba kutoka kwenye bloku ya nta iliyohifadhi kile kinyama na kukitia rangi. Chini ya hadubini, kiini cha seli yenye protini huonekana cha kahawia. Kisicho nayo hubaki buluu. Seli salama zilizo jirani na uvimbe lazima ziwe za kahawia. Nazo zikiwa buluu, kipimo kimeharibika, na jibu la "protini haipo" halina thamani, omba kirudiwe. Uharibifu huo mara nyingi huanzia mbali, kinyama kinapocheleweshwa kutiwa formalini. Kwa hiyo ukitumwa wewe ndugu kukipeleka maabara, hakikisha kimezama chote kwenye formalini ya asilimia 10, chupa imeandikwa jina na saa, na kifike siku hiyo hiyo.

Protini hizi huishi mbili mbili. MLH1 ikipotea, PMS2 hupotea nayo. MSH2 ikipotea, MSH6 huifuata. Jozi ya kwanza ikikosekana, msiutie ukoo hofu kabla ya kipimo cha jeni ya BRAF: badiliko la V600E likionekana, karibu kila mara kasoro imezuka kwa mgonjwa mwenyewe, si ya kurithi. Lisipoonekana, uchunguzi uendelee. Ikikosekana jozi ya MSH2, shukuni ugonjwa wa Lynch, ambao mzazi humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Hapo waiteni ndugu wa tumbo moja na watoto, hata wasioumwa popote, wapimwe. Mwenye kasoro ya kurithi ya MLH1 au MSH2 hushauriwa kuanza kolonoskopia (kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera) akiwa na miaka 20 hadi 25, kisha airudie kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Matibabu nayo hubadilika. Katika hatua ya pili ya ugonjwa, mgonjwa aliyekosa protini hizi hafaidiki na dawa ya tibakemikali ya fluorouracil peke yake baada ya upasuaji. Saratani ikiwa imesambaa, dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab, humfaa kuliko tibakemikali. Ni ghali mno, basi mwulizeni daktari jibu la protini kabla hamjauza shamba.

Andikeni namba ya bloku daftarini na mwombe maabara isiitupe. Hata mgonjwa akifariki, bloku hiyo bado hupimika, na jibu lake likawafaa watoto wake.