Mtunza Dawa Ashikwapo na Dawa

Mwezi huu twataka kujifunza jambo lisilopendwa kusemwa, yaani habari za watumishi wa wagonjwa wa ghafula ambao wenyewe wameshikwa na kileo au na dawa za kulevya. Huenda mtu atauliza, Jambo hili latuhusu nini sisi? Twajibu ya kuwa latuhusu. Katika sharika nyingi wako waganga, wauguzi na madereva wa magari ya wagonjwa. Wako na wazee waketio katika halmashauri za hospitali. Nao walimu ndio huitwa kwanza nyumba inapoharibika kwa ajili ya ulevi. Tena ye yote miongoni mwetu aweza kulazwa kesho katika gari lile, naye hana nguvu ya kusema.

Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na kazi nyingine za uganga. Mgonjwa wa siku zote, asipomwamini mganga, huenda kwa mwingine. Aliyevunjika mguu barabarani, au aliyebanwa na moyo usiku wa manane, hachagui. Huipokea mikono iliyomfikia. Kwa sababu hiyo deni la mtumishi wa ghafula ni kubwa kuliko deni la wengi, maana mdai wake hawezi kudai.

Na tuitazame kazi yenyewe ilivyo katika nchi ya Marekani, ambako mambo haya yamechunguzwa sana. Gari la wagonjwa huchukua kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, ndani yake mna dawa za kutuliza maumivu makali, kama vile mofini na fentanili. Fentanili ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960, nayo huishinda mofini kwa nguvu mara 50 hata mara 100. Kichupa kisichojaa kidole chatosha kumsimamisha mtu pumzi. Mganga mwenyewe hayumo garini. Amewaachia watumishi maagizo yaliyoandikwa mbele, nao humdunga mgonjwa sindano kwa amri hiyo, na sheria ya nchi ile ya mwaka 2017 imeuthibitisha utaratibu huo. Basi wamo watu wawili, na mgonjwa aliye karibu kuzimia, na kisanduku. Dawa ibakiayo katika kichupa yapasa kumwagwa mbele ya shahidi, naye shahidi atie sahihi kitabuni. Lakini saa ni tisa ya usiku, shahidi amechoka, tena mwenzake ni rafiki yake wa miaka mingi. Hutia sahihi pasipo kutazama. Mlango wa wizi ni huo, wala hakuna kufuli liwezalo kuufunga.

Mtu huanzaje? Wengi hawaanzi kwa kutafuta anasa. Wako waliolemaza migongo kwa kuinua machela, wakapewa dawa ya maumivu kwa haki, wakashindwa kuiacha. Wako waliookota maiti ya mtoto katika ajali, wakarudi kituoni, wakaosha gari, na kabla maji hayajakauka wakaitwa tena. Zamu ya saa 24 ni jambo la kawaida katika vituo vingi vya nchi ile. Usingizi ukikataa, hutafutwa kwa chupa. Na macho yakikataa kufumbuka asubuhi, hutafutwa kitu kingine. Hatusemi haya ili kumpa mtu udhuru. Twasema ili asiwepo ajionaye kuwa amejengwa kwa jiwe.

Juu ya kileo yafaa tuseme neno moja la wazi, maana wengi hujidanganya. Mwili huondoa kileo polepole, kwa kipimo chake wenyewe, wala kahawa kali au kuoga maji baridi hakuuhimizi. Huyo aliyekunywa sana hata saa saba ya usiku, akaamka saa kumi na mbili akaona kichwa chepesi, huenda angali na kileo katika damu yake anapoishika sindano. Wajibu wake haukuanza zamu ilipoanza. Ulianza jana jioni, mbele ya bilauri.

Sasa tueleze kisa kimoja kilichotokea kweli. Hakikutokea garini bali hospitalini, katika chumba ambamo wagonjwa wa moyo hupitishiwa mrija mwembamba hata moyoni, na wengi wao hufikishwa mle kwa haraka sana. Mtumishi mmoja wa ufundi alizoea kuichukua sindano ya fentanili iliyokwisha kuwekwa tayari kwa mgonjwa. Alijidunga, akaijaza maji ya chumvi, akairudisha mahali pake. Mgonjwa alipewa maji badala ya dawa, akavumilia maumivu yake. Lakini lililo baya zaidi lilikuwa halijaonekana: mtumishi yule alikuwa na homa ya ini ya aina ya C, na kwa sindano zile damu yake iliingia katika miili ya wagonjwa. Mwaka 2012 waganga wa mji wa Exeter, katika jimbo la New Hampshire, waliona ugonjwa ule ukitokea kwa watu wasiokuwa na uhusiano mwingine ila chumba kile. Maelfu ya watu wakaitwa kupimwa, si katika jimbo lile tu. Ikaonekana kwamba watu wasiopungua 45 wameambukizwa, na mmoja wao alikufa, ugonjwa huo ukiwa sehemu ya sababu. Mwaka 2013 mtumishi yule alikiri makosa yake mahakamani, akahukumiwa kifungo cha miaka 39.

Twaomba msomaji asiishie kumhukumu huyo mmoja. Kabla ya kufika Exeter alikuwa amefanya kazi katika hospitali nyingi za majimbo mbalimbali. Mwaka 2008 alikamatwa na sindano isiyo yake katika hospitali moja ya Pennsylvania. Alifukuzwa, polisi hawakuambiwa. Mwaka 2010 alikutwa Arizona chooni, amezimia, na sindano ya fentanili i karibu naye. Alifukuzwa tena, kisha akapata kazi kwingine. Kila nyumba ilifagia takataka yake ikaitupa mlangoni pa jirani. Waliomfukuza waliona wamekwisha kufanya wajibu wao, na pengine wengine walisema moyoni kuwa wamemhurumia kwa kutomshitaki. Wagonjwa wa Kansas, Maryland na New Hampshire ndio waliolipa gharama ya huruma ile. Naye mwenyewe haikumfaa kitu, maana kama angalizuiwa na kutibiwa mwaka 2008, asingalikuwa gerezani kwa ajili ya watu 45.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu husema, Je, nimchongee mwenzangu? Ana mke na watoto, akipoteza hati yake watakula nini? Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Tena dalili zenyewe hudanganya. Mtumishi aibaye dawa mara nyingi haonekani mvivu. Huonekana hodari kuliko wote. Huomba zamu za ziada, huja siku yake ya mapumziko, husema kwa upole, Wewe pumzika, sindano nitaidunga mimi. Vichupa humvunjikia mara kwa mara. Huenda chooni mara nyingi, huvaa mikono mirefu wakati wa joto. Na dalili iliyo kubwa kuliko zote haiko kwake, iko kwa wagonjwa wake: kitabu chasema wamepewa dawa ya kutosha, nao wangali wakiugua kwa maumivu. Dalili moja si ushahidi, na ole wake amwuaye mtu jina kwa sababu ya mikono mirefu! Lakini zikikusanyika, kunyamaza si urafiki tena.

Wajibu huu wa kusema ulitamkwa wazi mwaka 1973, baraza la Chama cha Waganga cha Marekani lilipotoa maandiko juu ya mganga mgonjwa, likisema kwamba ni juu ya waganga wenyewe kutambua kushindwa kwa mwenzao na kulishughulikia. Baadaye katika majimbo mengi zikawekwa programu za kuwatibu na kuwaangalia. Mwaka 2008 ulitangazwa uchunguzi wa waganga 904 walioingia katika programu 16 za namna hiyo. Walitibiwa, kisha wakapimwa mikojo bila kujulishwa siku, kwa miaka 5 au zaidi. Katika kila 100 ambao mwisho wa habari zao ulifuatiliwa, 78 hivi walikuwa wangali na hati zao na kufanya kazi. Hao ni wengi kuliko watu wadhaniavyo. Hata hivyo waganga 30 kwa jumla walikuwa wamekufa, na wengine wamenyang'anywa hati. Tena tukumbuke kwamba hawa walikuwa waganga, watu wenye mali na jina la kupoteza. Dereva au mwuguzi wa gari, ambaye akisimamishwa leo hana mshahara mwisho wa mwezi, hana mkono wa kumshika kama ule. Halmashauri ya hospitali itakayo watumishi wake waseme kweli, yaipasa kwanza kujibu swali la mshahara huo.

Kwetu pia ugonjwa huu hutibiwa: tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni watu walioshikwa na heroini.

Basi kwa wale watakaolazimika kusema na mwenzao, yako mambo ambayo wenye kuizoea kazi hii husisitiza. Usiende peke yako, wala usiende ukiwa na hasira. Mwambie kwanza mkubwa wa kazi, na kitabu cha dawa kihifadhiwe kabla mtu yule hajajua. Aambiwe mchana, mbele ya watu wachache, kwa mambo yaliyoonekana na tarehe zake, si kwa uvumi. Na mahali pa kumpeleka kutibiwa pawe pamekwisha kutafutwa. Kisha, na hili husahauliwa sana, asiachwe arudi nyumbani peke yake. Saa zile zifuatazo ni za hatari kubwa, maana aibu imemjia yote kwa mara moja, naye ajua kipimo cha dawa ya kuua. Mmoja wenu na aende naye, aketi naye, alale pale.